240Z ilishinda mara mbili. Lile sanduku lililoifuata lilishinda mara nne

Wacha niseme kitu ambacho najua kitaniletea matusi: Datsun 240Z si gari kali zaidi ambayo Nissan iliwahi kuleta kwa Safari Rally. Ndiyo yenye picha kali zaidi, hapo sibishani na mtu. Ile rangi nyekundu, boneti nyeusi ndefu kama pua ya mamba, matope hadi kwa kioo. Wengi wetu tuliiona kwanza kwa gemu, tukaipenda kabla hatujajua hata ilishindana wapi. Halafu ukaambiwa ilishinda hapa Kenya, kwa barabara ambazo mzee wako alienda shule nazo kwa miguu, na mapenzi yakaisha kabisa kuwa mapenzi, yakawa dini.

Lakini chukua orodha ya washindi uisome polepole bila picha. 240Z ilishinda 1971 na 1973. Gari ambayo Nissan walileta baadaye, sedan moja ya kawaida sana inaitwa 160J, au Violet, ilishinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo. Sasa niambie, nani kwa mbogi yako amewahi kuweka 160J kwa wallpaper ya simu?

Naandika hii kwa sababu kuna vita hapa Kilungu. Binamu yangu ana Subaru Impreza, ile ya zamani, GC8. Ndiyo gari ya kwanza alinunua akiwa na pesa yake mwenyewe na kusema ukweli ndiyo sababu watu wa Nunguni wanamjua. Anataka kuiuza anunue Probox afanye kazi ya kubeba watu kati ya Salama na Nunguni. Ana mtoto sasa. Vijana wa stage wamemwita msaliti, na hawatanii. Mmoja alimwambia afadhali auze shamba. Kila mtu anataja heshima, historia, Safari Rally, Colin McRae. Sasa kwa vile mmetaja historia, tuingie historia.

Safari ilianza 1953 na ilikuwa Coronation Safari, ya kusherehekea Elizabeth kuvishwa taji kule Uingereza. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitu ambacho watu hawasemi ni jinsi walivyogawa magari. Hawakugawa kwa ukubwa wa injini kama mbio za Ulaya. Waligawa kwa bei ya duka. Gari za bei ya chini zilishindana na zenzake za bei ya chini, za bei ya juu na zenzake. Yaani swali halikuwa nani ana mbio. Swali lilikuwa: ukiwa na kiasi fulani cha pesa katika nchi hii ya vumbi na matope, ununue gari gani? Yale yalikuwa mashindano ya soko kabla hayajakuwa ya mashujaa. Wazungu walowezi walitaka kujua gari ipi itawafikisha shambani na kuwarudisha.

Na barabara hazikufungwa. Hii ndiyo inashangaza watu wa rika letu ambao wameona Safari ya Naivasha tangu WRC irudi 2021, na askari kila kona. Zamani dereva wa rally alikuwa anakutana na lori, na basi, na ng'ombe wa mtu, na mama amebeba maji. Ndiyo maana walifunga vyuma mbele na taa kubwa pembeni. Mvua ya Pasaka ikishika, mchezo unabadilika kabisa. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. 1968 yakaanza zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena. Huko ndani kwa matope, dereva msaidizi alishuka akapanda nyuma kwa bampa ili uzito ukae juu ya magurudumu ya nyuma, na wananchi wakasukuma. Babu zetu walisukuma sana. Hakuna kombe la wasukumaji lakini lingekuwepo, Ukambani tungekuwa na kabati imejaa.

Kabla ya Datsun kuna mtu mmoja lazima nimtaje, kwa sababu wale wanaosema gari ya maana lazima iwe mpya na ya kiwanda wanamsahau. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho. Mwaka wa 1965 alishinda Safari na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa mtumba. Mtumba kabisa. Volvo walikuwa wameileta kwa Safari ya mwaka uliotangulia, kazi ikaisha, gari ikabaki huku, Joginder akainunua na kuitengeneza mwenyewe. Wazungu waliiona kama gari iliyokwisha. Yeye aliona gari ambayo makosa yake yote tayari yanajulikana. Hiyo sentensi fundi yeyote wa Nunguni ataielewa bila maelezo.

Sasa Datsun. Wajapani walianza kuleta magari Safari mapema miaka ya 60 na mwanzoni walikuwa wanachekwa. 1966 wakashinda daraja lao na Bluebird, na kule Japani ikawa habari kubwa kiasi kwamba 1969 ikatoka sinema nzima kuhusu Safari, akicheza Yujiro Ishihara, ambaye kwao alikuwa staa wa juu kabisa. Fikiria hiyo. Watu Tokyo wamelipa tiketi kuangalia vumbi letu. 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda jumla na Datsun 1600 SSS, sedan. Halafu 1971 wakarudi na kitu kipya.

Hiyo 240Z ilikuwa imetoka mwisho wa 1969. Japani waliiita Fairlady Z, jina ambalo Yutaka Katayama, bosi wa Nissan upande wa Marekani, hakulitaka hata kidogo, ndiyo huko ikauzwa kama 240Z tu. Injini ya silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 2.4, nguvu za farasi kama 150, inakaribia kilomita 200 kwa saa. Viti viwili. Bei yake ilikuwa chini sana ukilinganisha na magari ya Ulaya yenye uwezo kama huo, na hapo ndipo ilipowaua. Herrmann na Schüller wakashinda Safari ya 1971, zaidi ya kilomita 6,000, na nyuma yao namba mbili akaja Shekhar Mehta na Mike Doughty, na wao ndani ya 240Z. Moja, mbili.

1972 Ford wakaichukua. Hannu Mikkola wa Ufini, Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaamini Safari haiwezi kushindwa na mgeni, lazima uwe umezaliwa na hili vumbi kifuani.

Halafu 1973. Huu mwaka ndio nataka tukae nao kidogo, kwa sababu jibu la vita ya Kilungu limejificha hapa na hakuna anayeliangalia.

Shekhar Mehta alikuwa Mganda. Familia yake ni kati ya Waasia ambao Idi Amin aliwafukuza Uganda 1972. Kwa hivyo Pasaka ya 1973 anaanza Safari Nairobi akiwa mtu ambaye miezi michache nyuma nchi yake ilimwambia atoke. Anaendesha 240Z na Lofty Drews. Mwisho wa mbio wanahesabu adhabu. Mehta na Harry Källström wa Uswidi wamefungana. Dakika zilezile za adhabu, hakuna aliyemzidi mwenzake, baada ya maelfu ya kilomita. Ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu, na hapo Mehta akapewa ushindi.

Swali ni: Källström alikuwa anaendesha gari gani?

Datsun 1800 SSS. Sedan. Gari ya mwalimu mkuu. Ile gari ya michezo tunayoipenda na gari ya kwenda kanisani, za kampuni moja, zimepita matope yaleyale, zikamaliza sawasawa. Kama wahesabu wangekuwa na kanuni tofauti ya kuvunja sare, leo tungekuwa tunasema 240Z ilishinda mara moja tu. Legendi yote imekaa juu ya hiyo kanuni.

Simaanishi 240Z ilikuwa mbaya. Ilikuwa gari ya ajabu. Ninachosema ni kwamba watu wa Nissan walikuwa kwa chumba hicho, wameona zile namba, na sisi tunaangalia picha.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 1973 bei ya mafuta ikalipuka dunia nzima baada ya Waarabu kufunga mfereji. 240Z ikaacha kutengenezwa, ikaja 260Z, halafu kwa Wamarekani 280Z. Kila moja nzito kidogo kuliko mama yake, laini kidogo zaidi. Ukiuliza wapenzi wa Z watakwambia hakuna iliyofikia ile ya kwanza. Hiyo ni kawaida ya gari inayopendwa: mbadala wake huja na mkosi wa kufanana nayo.

Safari nayo ikahama. Joginder akashinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, gari ndogo isiyo na makuu. 1975 Ove Andersson akashinda na Peugeot 504. 1977 Björn Waldegård na Escort. 1978 Peugeot tena, Jean-Pierre Nicolas. Angalia hiyo orodha: Lancer, 504, Escort. Zote ni gari ambazo ndugu zao ungezikuta zimeegeshwa sokoni.

Na Nissan wakarudi na 160J.

Hebu niwaambie kitu cha kiufundi kidogo, msikimbie. 240Z nyuma ilikuwa na magurudumu yanayojitegemea, kila moja na springi yake na mkono wake. Hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa, inashika kona vizuri. 160J ilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama pick-up. Kwa vitabu, huko ni kurudi nyuma. Lakini ekseli ngumu ina vitu vichache vya kuvunjika, na ikivunjika mafundi wanaichomoa yote wanaweka nyingine wakiwa wamelala chini ya gari kando ya barabara. Safari ya siku hizo ilikuwa mchezo wa nani anatengeneza haraka. Kwa hivyo wakachukua boksi, wakaliwekea injini ya maana, wakamkabidhi Mehta yuleyule.

Mehta yuleyule! Hapo ndipo nataka mbogi ya Subaru isikilize. Mtu aliyeshinda na 240Z, mtu ambaye historia yake yote na hiyo gari ni ya kuliza, alihamia kwa sanduku akashinda miaka minne mfululizo, akiwa na Doughty. Jumla akawa na tano, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa. Alifariki London 2006. Nne kati ya tano ni za gari ambayo hakuna anayeikumbuka jina. Je, Mehta alikuwa msaliti?

Na kwa kuwa tunasema mapenzi na matokeo ni vitu viwili, Porsche 911. Porsche walijaribu Safari miaka mingi. Waldegård alikuwa wa pili 1974. Vic Preston Jr, kijana wa hapahapa Nairobi, alikuwa wa pili 1978. Katika miaka yote hiyo 911 haikuwahi kushinda Safari. Haikuwahi. Lakini ukiuliza bei ya 911 ya miaka hiyo leo na bei ya 160J, utaelewa kwamba soko la kumbukumbu halina uhusiano wowote na orodha ya washindi.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hadi hapa nimesimulia kama mtu aliyekuwa ndani ya gari, na sisi hatukuwa ndani ya gari. Sisi tulikuwa kando ya barabara.

Milima ya Kilungu inakaa juu ya barabara ya Mombasa. Ukishuka kutoka Nunguni, baridi inakuacha, matuta ya mashamba yanakwisha, unatua Salama, halafu ni Sultan Hamud, Emali, kwenda chini. Miaka ya 70 mkondo wa Pwani wa Safari ulipita huku Ukambani, na kama mzee wako alikuwa mtoto wakati huo atakwambia walivyolala nje kusubiri taa. Nani kati yao alikuwa na 240Z? Gari ya viti viwili, boneti ndefu kuliko kiti cha nyuma ambacho haina? Utabeba nini? Utaweka wapi gunia, na mtoto mgonjwa, na mbuzi wa ruracio?

Kile walichonunua wale waliopata pesa ni Datsun nyingine: pick-up ya 1200. Ile ndogo. Walimu, wenye maduka, wakulima wa kahawa. Na Peugeot: 404, halafu 504, ambayo ilipanda watu saba ndani na wengine wakiomba nafasi, hadi safari za mbali zikaitwa "kupanda pijo". 504 iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Ufaransa kwenyewe walishaisahau. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya viwanda tangu ile siku ya 1953 waligawa magari kwa bei: gari nyekundu inapita Ijumaa Kuu, watu wanapiga kelele, halafu mwenye duka anaenda kwa agenti kununua ile ya kubeba sukari, kwa sababu ina jina moja na ile nyekundu.

Ushahidi mkubwa uko mdomoni mwako. Jina Datsun, Nissan walianza kuliua 1981, wakataka dunia nzima iseme Nissan. Kenya ikatii, lakini kwa njia yake. Kwetu "nissan" ikawa si kampuni, ikawa kitu: matatu ya watu 14. "Panda nissan hapo stage." Nilikua nikidhani nissan ni neno la Kiswahili. Hata zilipokuja Toyota, watu waliziita nissan. Baada ya sheria za Michuki za 2004, za mikanda na mstari wa njano, hizo ndizo zilibeba nchi mgongoni. Kampuni ya 240Z iliingia katika lugha yetu, lakini haikuingia kupitia gari ya michezo. Iliingia kupitia kibanda cha chuma chenye kondakta mlangoni.

Sawa. Subaru.

Mapenzi yetu na Subaru ni marudio ya 240Z, na naelewa kwa nini. Patrick Njiru alikuwa namba nne jumla katika Safari ya 1994 akiwa na Impreza ambayo haikuwa mbali sana na ile ya dukani. Mkenya mweusi, kwa gari ya buluu, mbele ya timu za kiwanda. McRae akashinda 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda 2000. Halafu 2002 ikawa mwisho, Safari ikatolewa kwa WRC kwa karibu miaka 20, na kizazi kizima kikabaki na Subaru kama picha ya mwisho kwa ukuta. GC8 ilitengenezwa kati ya 1992 na 2000. Watoto walioiona ikipita ndio watu wazima walioinunua kama mtumba wa Japani, na sisi tumeirithi kutoka kwao pamoja na ile sauti.

Lakini kuna tofauti moja kubwa na haitajwi pale stage. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Maana yake mlango wa GC8 ulifungwa zamani. Zile ziko nchini ndizo ziko nchini. Kila moja inayopinduka kule Kikopey au Salama imepunguza hesabu, na hakuna meli inakuja Mombasa kuijaza. Joginder aliponunua ile Volvo alijua akiiharibu kuna nyingine. Binamu yangu akiharibu hii yake akibeba watu wanane na viazi kupanda mlima wa Nunguni, hakuna nyingine. Na hata asipoiharibu, vipuri anavyopata ni vya gari iliyochinjwa. Kila Subaru nzima hapa nchini inakula Subaru nyingine. Wanaosema "usiuze, itunze" wanasahau kutunza ni pesa ya kila mwezi, na wao hawachangi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na nimemwambia uso kwa uso: auze. Lakini kwa mtu atakayeiweka, si kwa mtu anayevunja. Hata kama wa pili anatoa pesa zaidi. Hapo ndipo nakubaliana na vijana wa stage kwa kiasi, ingawa wao wanapigana na kitu kisicho sahihi. Probox haimtukani Subaru. Probox imekuwa hivyo tangu 2002, gari ya kazi iliyotengenezwa kubeba mizigo ya ofisi Japani, haijawahi kujifanya. Ni 160J ya milima yetu. Anayeitukana ashuke aende Salama kwa miguu.

Na msiniambie kuuza ni kusahau. Nissan wenyewe waliacha kushindana na 240Z lakini ile ya Herrmann, namba 11, hawakuitupa. Iko Japani, kwa ghala lao la Zama, na 2013 wafanyakazi wao wakaitengeneza upya hadi ikatembea. Kinachoniuma si kwamba waliibadilisha. Kinachoniuma ni kwamba gari iliyopita matope yetu, ikasukumwa na watu wetu, ukitaka kuigusa lazima upande ndege. Sisi tuna hadithi, wao wana chuma.

Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani, na hapo utaziona zote: 240Z, Escort, na 911 nyingi kuliko zilivyowahi kuwa miaka ya 70. Nyingi huja kwa meli na kurudi kwa meli. Wenyewe wana pesa ya kufanya kile ambacho binamu yangu hawezi, kuirudisha gari waliyoipenda wakiwa vijana, boliti kwa boliti. Sina chuki nao. Mwaka wa 2011 alishinda Waldegård, yule wa pili wa 1974. Alikuwa na miaka 68, na kijana wake Mathias ndiye aliyekaa naye akisoma njia. Gari ilikuwa Porsche 911. Miaka 37 baadaye Porsche ikamletea Waldegård alichonyimwa, ila haikuwa ileile. Ilikuwa 911 nyingine ya zamani, imejengwa upya na gereji ya Tuthill kule Uingereza, imeimarishwa kila mahali ile ya 1974 ingevunjika. Alifariki 2014.

Nimekuwa nikitafuta picha za Safari ikipita Ukambani, zile za familia, si za magazeti. Kama kwenu kuna albamu yenye Datsun 1200 mbele ya nyumba, nambari zile za zamani kabla ya KAA, ama mzee anayekumbuka kusukuma gari nyekundu usiku, nitumieni. Hasa kama alilipwa. Mzee mmoja wa Kilome aliniambia walipewa soda moja watu sita.